Shangazi, Hadithi Inaanza Lini?

Mtoto wa kaka yangu, ambaye ana umri wa miaka sita na hana subira na upuuzi, aliniuliza swali hilo tulipofika ukurasa wa tisa wa kitabu cha picha nilichopewa zawadi na mfanyakazi mwenzangu. Kwa macho kilikuwa kitabu kizuri: jalada gumu, karatasi nzito yenye rangi ya maziwa, na michoro ya rangi za maji iliyoyeyukia pembezoni kana kwamba mchoraji aliogopa kuchora mstari mahali palipohitaji mstari. Msichana alikuwa akitembea na kobe chini ya mwezi. Katika ukurasa mmoja kobe alimwambia msichana kwamba polepole nayo ni mwendo. Katika uliofuata msichana alimwambia kobe kwamba machozi nayo ni maji, na palipo na maji huota kitu. Kisha mwezi, ambao hadi hapo sikuwa na habari kwamba una kauli, ukawatangazia wote wawili kuwa wanatosha jinsi walivyo.

Nakiri kwamba mimi nilikuwa nimeanza kulengwalengwa na machozi. Mtoto, kwa upande wake, alikuwa amekunja uso kama abiria aliyekaa ndani ya gari lisiloondoka. Aliniuliza kobe anakwenda wapi. Nikafunua kurasa mbili mbele, nikarudi nyuma tatu, nikagundua kwamba kobe hakuwa akienda popote. Alikuwa akitembea tu, kutoka nasaha moja hadi nyingine. Nikamjibu kwamba wanajifunza. Akanitazama kwa huruma ile ambayo watoto huwatunzia watu wazima wanaosema uongo vibaya, na hapo ndipo aliponiuliza hadithi inaanza lini.

Sikuwa na jibu, na kutokuwa na jibu kukanikera kwa siku kadhaa. Kwa nini mimi nilikuwa nalia na yeye alikuwa anapiga miayo, ilhali kitabu kiliandikwa kwa ajili yake? Au tuseme, jalada lilidai hivyo, kwa maana nyuma yake palikuwa na lile tangazo linalozidi kuenea siku hizi, kwamba kitabu hiki kinawafaa watu wa umri wowote. Ninapoliona tangazo hilo huwa najiwa na picha ya muuza dawa wa barabarani ambaye chupa yake moja inatibu jino, mgongo na ndoa. Kinachomfaa kila mtu aghalabu hakijamfikiria mtu yeyote, na katika vitabu vya aina hii ambaye hajafikiriwa kabisa ni mtoto.

Ninachotaka kusema ni hiki, na nitakisema nikijua kwamba baadhi yenu mmekiweka kitabu cha namna hiyo kando ya kitanda na mtaudhika. Kitabu cha picha humfikia mtu mzima pale kinapozungumza na mtoto kwa dhati, bila kumkonyezea mtu mzima jicho, naye mtu mzima akawa ameyasikia maneno yasiyokuwa yake. Tunaguswa kwa sababu tumedukua. Lakini kitabu kinachomlenga mtu mzima moja kwa moja, kikamtumia mtoto, kobe na mwezi kama kanga ya kujifunika, humnyima mtoto hadithi na humpa mkubwa kitu ambacho angeweza kukipata kwenye kalenda ya ukutani. Hakina paukwa wala pakawa. Kina hitimisho thelathini, na hakuna kilichotangulia hata moja kati ya hayo.

Antoine de Saint-Exupéry, mwandishi Mfaransa, aliliona jambo hili mapema na akalitendea kwa adabu. Alipochapisha Le Petit Prince mwaka 1943, aliandika tabaruku inayowaomba radhi watoto kwa sababu kitabu kimetunukiwa mtu mzima, rafiki yake Léon Werth. Akatoa sababu zake moja baada ya nyingine kama mtu anayejua kwamba amekosa, na mwishowe akaisahihisha tabaruku yenyewe ili kitabu kiende kwa Werth wa zamani, alipokuwa bado mvulana mdogo. Huyo ni mwandishi aliyejua kitabu ni mali ya nani. Siku hizi mambo yamegeuzwa chini juu: tabaruku humtaja mtoto, na kurasa zote zinazofuata huzungumza na mama yake.

Sasa nirudi kwenye kile kinachoniuma hasa, yaani picha. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, na idadi hiyo haikuteremshwa kutoka mbinguni. Imetokana na jinsi karatasi kubwa ya mtambo wa chapa inavyokunjwa na kukatwa kuwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukiondoa ukurasa wa jina, wa haki za uchapishaji na wa tabaruku, mwandishi na mchoraji wanabakiwa na nafasi finyu mno, na ndani ya ufinyu huo ndimo sanaa yote ilimo. Kila ukurasa unapofunuliwa ni mlango. Kilicho upande wa pili hakijulikani, na mkono wa mtoto huwa umekwisha kushika pembe ya karatasi kabla mkubwa hajamaliza sentensi. Kitabu cha nasaha hakina mlango hata mmoja, kwa kuwa hakuna ukurasa unaohitaji ule unaoufuata; unaweza kukichana, ukazichanganya kurasa zake kama karata, ukakishona upya, na hakuna atakayegundua. Nilifikiria kulijaribu jambo hilo, nikajizuia kwa heshima ya aliyenipa zawadi.

Kisha kuna uhusiano kati ya picha na maneno, ambao watu wengi huuchukulia kama uhusiano wa wimbo na vigelegele: maneno yanasema, picha inashangilia. Sivyo hata kidogo. Katika kitabu kilichotengenezwa na mtu anayeijua kazi yake, picha husema yale ambayo maneno yameyanyamazia, na wakati mwingine huyakanusha kabisa, na maana hukaa katika pengo lililo kati ya hayo mawili. Ndiyo maana medali ya Caldecott, tuzo ya vitabu vya picha inayotolewa nchini Marekani tangu mwaka 1938, hupewa mchoraji. Mkubwa anaposoma kwa sauti, macho yake yamefungwa kwenye maneno. Mtoto asiyejua bado kusoma yuko huru kuzunguka ndani ya picha, na hurudi na habari ambazo msomaji hana. Kati ya hao wawili, anayejua kusoma kitabu cha picha ni yule asiyejua kusoma.

Nilithibitishiwa jambo hilo siku chache baada ya mkasa wa kobe, na kwa aibu. Nilikuwa nimetoa kabatini nakala yangu kuukuu ya Where the Wild Things Are ya Maurice Sendak, kitabu cha mwaka 1963 ambacho nimekisoma mara nyingi kiasi cha kujiona mwanazuoni wake. Mnakikumbuka: mvulana aitwaye Max amevaa vazi la mbwamwitu, anafanya utundu, anamtishia mama yake kwamba atamla, anapelekwa kulala bila kula, chumba kinaota msitu, anasafiri kwa mashua hadi kwa madubwana, anakuwa mfalme wao, anashikwa na upweke, anarudi. Nilikuwa nikitafsiri papo kwa papo, nikijivunia madoido ya sauti yangu, nikafika mahali ambapo madubwana yanatokea kwa mara ya kwanza. Mtoto akaniambia, bila kushtuka, kwamba yule tumemwacha nyumbani. Nikamwambia hapana, hawa ndio kwanza tunawaona. Akaninyang'anya kitabu, akarudisha kurasa hadi mwanzo, akaweka kidole kwenye ukuta ulio kando ya ngazi. Pale ukutani pamebandikwa mchoro wa dubwana, na chini yake Max ametia jina lake.

Nimesoma kitabu hicho tangu nikiwa msichana na sikuwahi kuuona mchoro huo. Madubwana hayakuwa ng'ambo ya bahari. Max aliyachora mwenyewe, kwa mkono wake, kabla hajakasirika. Maneno hayasemi jambo hilo mahali popote. Hakuna bundi anayetua begani mwake kumweleza kwamba hasira yake ni kazi ya mikono yake na hivyo anaweza kuitawala. Kuna karatasi tu ukutani, na mtoto wa miaka sita anayeiona, na mwanamke mzima aliyekaa kimya kwa muda mrefu akiwaza ni madubwana mangapi yake mwenyewe aliyowahi kuyabandika kwenye kuta za nyumba yake kisha akadai kwamba yamemvamia kutoka nje.

Naomba mnivumilie nibaki hapo kidogo, kwa sababu kitabu hicho ni hoja yangu nzima. Picha zake huanza ndogo, zimezungukwa na weupe mwingi wa karatasi, na jinsi hasira ya Max inavyopanda ndivyo zinavyotanuka, hadi zinaimeza kingo ya ukurasa, zinavuka hadi ukurasa wa pili, na hatimaye maneno yanafukuzwa kabisa: mara tatu mfululizo unafunua karatasi na kukuta madubwana yanacheza bila hata herufi moja. Yeyote aliyewahi kukasirika anajua kwamba hasira hufika mahali ambapo maneno huishiwa nafasi. Kisha weupe unaanza kurejea, Max yuko chumbani kwake, mwezi uliokuwa mwembamba dirishani alipofungiwa sasa ni mpevu, na chakula kimewekwa mezani kinamsubiri. Ukurasa wa mwisho kabisa hauna picha yoyote. Una maneno machache yanayotuarifu kwamba chakula bado kilikuwa cha moto.

Mama haonekani katika kitabu kizima. Nilipokuwa mdogo sikulitilia maanani jambo hilo. Nilikuwa Max, na Max habebi mawazo ya mtu mwingine. Siku ile nikiwa na mtoto wa kaka yangu mapajani, kwa mara ya kwanza nilikisoma kitabu kutoka upande wa pili wa mlango. Mtu amepanda ngazi na sahani. Mtu huyo alitishiwa kuliwa, akakasirika, akatoa adhabu, akashuka, akakaa, akatafakari, akapakua, akapanda tena, akaweka, akaondoka bila kusema neno. Yote hayo yametukia nje ya kurasa, na msamaha wenyewe umeandikwa kwa lugha ya joto la chakula. Linganisheni na ukurasa wa kumi na nne wa kitabu changu cha zawadi, ambapo kobe anamwambia msichana, kwa herufi za kupendeza zilizoandikwa kwa brashi, kwamba kusamehe ni kuutua mzigo. Pengine ni kweli. Lakini nani amemkosea nani? Mzigo gani? Msichana huyo hajawahi kumwudhi mtu tangu ukurasa wa kwanza. Kazi yake ni kutembea na kutazama mbali. Huwezi kunihubiria msamaha bila kunionyesha kosa.

Hicho ndicho ninachokiita uvivu, na uvivu huu umevaa joho la upole kiasi kwamba anayeulalamikia huonekana mtu mwenye moyo mgumu. Nasaha ni mwisho wa safari. Mtu aliyeifikia baada ya miaka ya kuumia ana haki ya kuitamka. Sisi tunaopewa bila safari tunapata tu ladha ya kufika. Mtu mzima huridhika nayo kwa sababu safari anayo tayari. Ana misiba yake, talaka yake, kazi aliyofukuzwa, na anaposoma kwamba polepole nayo ni mwendo, hujaza mwenyewe yale yote ambayo mwandishi hakuyaandika. Ndiyo maana nililia. Nilikuwa nikilia hadithi yangu mwenyewe, na mwandishi akapata sifa. Mtoto hana akiba hiyo ya kumkopesha mwandishi. Kama hadithi haimo kitabuni, basi haipo, naye husema hivyo kwa sauti.

Ipo pia ile imani kwamba watoto wasionyeshwe huzuni isipokuwa imekwisha kupakwa sukari. Wolf Erlbruch, mchoraji wa Ujerumani, mwaka 2007 alitoa kitabu ambacho ndani yake bata anagundua kwamba Mauti yuko nyuma yake. Wanazoeana, wanakwenda bwawani pamoja, wanazungumza, na mwishowe bata anakufa na Mauti anamweka juu ya maji ya mto kwa upole. Hakuna anayesema kwamba kila kitu kina sababu yake. Nimeona watu wazima wakikifunga kitabu hicho na kutoka chumbani. Watoto huuliza bata amekwenda wapi, kisha huuliza kama Mauti anahisi baridi.

Wapo wanaodai kuona haya kusoma vitabu vya watoto wakiwa peke yao. Hao sina la kuwaambia.

Jambo jingine linalovichuja vitabu hivi bila huruma ni kurudiwa. Mtoto akikipenda kitabu hukitaka leo, kesho na kila siku hadi mkubwa aanze kukisoma usingizini, na ole wako ukijaribu kuruka ukurasa ili uwahi kazi zako, kwa maana utarudishwa pale pale ulipoiba. Hakuna mhakiki mkali kuliko msomaji wa mara ya arobaini. Kitabu chenye hadithi hupita katika tundu hilo la sindano kwa sababu kila mara kuna kitu kilichojificha, mchoro ukutani, mwezi dirishani, mama asiyeonekana. Nasaha haipiti. Ukiisikia mara ya kwanza ni hekima, mara ya tatu ni adabu, mara ya kumi ni kelele ya friji.

Sasa, kwa shingo upande, nikiri lile ambalo mwenzangu aliyenipa zawadi ana haki ya kulisikia. Alinipa kitabu hicho katika miezi ambayo nilikuwa sipati usingizi baada ya msiba, na usiku wa kwanza nilikisoma mara mbili, nikazima taa, nikalala hadi asubuhi. Usiku wa pili vivyo hivyo. Siwezi kujifanya kwamba halikutokea. Mtu aliyechoka hana nguvu ya kufuata safari ya mtu mwingine. Anahitaji neno moja, fupi, lenye picha laini kando yake, kama vile mgonjwa anavyohitaji uji na si karamu. Kwa hiyo nakubali kwamba vitabu hivyo vina kazi yao, ile ile ya kadi ya pole, na kadi ya pole iliyoandikwa vizuri si kitu cha kudharauliwa. Ninachokataa ni kuiweka kadi ya pole kwenye rafu ya watoto, kisha kumlaumu mtoto kwamba hapendi kusoma.

Na nikubali jambo la pili, kwa mstari mmoja tu ili lisinogewe: michoro ya kobe yule ilikuwa mizuri kuliko nilivyoieleza hapo juu.

Ila kuna jambo ambalo mwandishi wa kitabu changu cha zawadi hakulikusudia, nalo ndilo lililonifanya nikae kuandika haya badala ya kukirudisha kitabu kabatini na kunyamaza. Vitabu hivi huacha weupe mwingi sana kwenye kurasa, eti ili maneno yapate kupumua. Jumapili iliyopita mtoto wa kaka yangu alikipata kitabu sebuleni nikiwa na mazungumzo marefu kwenye simu, akapata na kalamu ya risasi. Nilipotoka nilimkuta amelala kifudifudi sakafuni, kurasa kadhaa zimekwisha kufanyiwa kazi. Nilitaka kugomba, jalada lile gumu, karatasi ile nzito. Nikachuchumaa kwanza nione.

Kwenye ukurasa wa kwanza, nyuma ya kobe, alikuwa amechora mvulana. Kwenye wa pili mvulana yuko karibu zaidi, na mguu wake mmoja hauna kiatu. Kwenye wa tatu kobe amegeuzwa kichwa, kwa kufutwafutwa na kuchorwa upya kwa nguvu hadi karatasi imechubuka, na anamtazama mvulana kwa jicho ambalo si zuri. Chini yao, kwa brashi, bado pameandikwa kwamba unatosha jinsi ulivyo, maneno ambayo sasa, kwa namna alivyokuwa akitazamwa mvulana, yalisomeka kama kitisho.

Nilimwuliza kiatu chake kiko wapi.

"Shangazi," akaniambia, bila kuinua macho, "funua."